Gari Isiyorudi Nyuma

Kila aliponipigia simu, Parene alianza kwa kuuliza hali ya gari. "Gari iko muzima?" Ndipo aulize watoto, ndipo aniulize na mimi, na akikumbuka, mvua. Mi nilikuwa nasimama na simu sikioni, natazama uani kwangu hapa Musaga. Gari yenyewe imekaa juu ya mawe, haina magurudumu, haina taa, na kuku wangu mwekundu amelala kwenye kiti cha nyuma, anataga pale walipokuwa wakikaa mabibi harusi. Namjibu, "Muzima, Parene." Wewe ungemjibu nini mzee wa watu?

Parene kwetu ni yule mwanaume anayesimama nyuma yenu kanisani siku ya ndoa, na mke wake, Marene, pembeni yake. Ndoa ikiisha ndipo kazi yake inapoanza. Mkigombana, kabla ya wazazi na kabla ya padri, mnaenda kwa parene. Huyu wetu aliwasimamia karibu nusu ya avenyu yetu. Wengine walimchagua kwa hekima yake. Wengi, tuseme kweli tu, tulikuwa tunaitaka gari.

Ilikuwa gari yake ya kwanza, na hakununua nyingine. Nyeupe, ya Kifaransa, pua ndefu. Aliinunua akiwa karani bandarini, wakati ambapo kwenye avenyu yetu chombo cha kutembea kilikuwa baiskeli, tena ya kuazima. Nadhani mtu akipata kitu mapema namna ile, kabla ya wenzake wote, kinamharibu kidogo. Alianza kuizungumzia kama mtu, na watu walipocheka hakuelewa wanacheka nini.

Gari ile ilikuwa na sheria kuliko nyumba ya masista. Haikutoka isipokuwa Jumamosi, na Jumamosi haikutoka isipokuwa kwa harusi. Siku nyingine ilikaa chini ya turubai, na Parene mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu, koti begani, anawasalimia watu. Marene naye alirudi sokoni na kikapu kichwani, anapita pembeni ya gari, anainamisha shingo kikapu kisikwaruze rangi. Nimeliona hilo mara nyingi nikiwa msichana. Nilidhani ndiyo adabu ya mwanamke mwenye gari.

Na kitambaa cha kuipangusa. Parene hakukubali tambara lolote. Alisema pamba mpya inachubua, pamba iliyofuliwa sana ndiyo inalainika. Kwa hiyo alikuwa anangoja vitenge vya Marene vifuliwe mpaka viwe laini, yaani mpaka mwenyewe aanze kuvipenda, halafu anakata. Marene alikuwa akigeuka kwenye kamba anakuta nusu. Alikuwa anaichukua ile nusu iliyobaki, anaishona iwe foronya.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: bibi harusi akiwa ndani, gari hairudi nyuma. Kabisa. Parene aliamini kwamba ukirudisha gari nyuma na bibi harusi yumo, unamfundisha njia ya kurudi kwao. Alikwisha kumwambia kila mtu, na kila mtu aliitikia kwa kichwa, maana kwetu jambo likisemwa na mtu mwenye gari linakuwa na uzito. Siku ya ndoa yangu, njia ya kanisani ilikuwa imefungwa na lori lililobeba mchanga. Mwenye lori akasema, rudini nyuma kidogo tu nipite. Parene akazima gari. Akaeleza, kwa upole, kwamba yeye harudi. Mume wangu mtarajiwa akamweleza kwamba tunachelewa. Mimi ndani ya imvutano nyeupe, vazi letu la heshima la kufunga begani, nilikuwa nalowa jasho. Mwishowe tukapindia kushoto, tukashika barabara ya kusini, tukaenda mpaka karibu na Ruziba tukitafuta uwanja wa kuzunguka, tukakuta padri amekwisha kukasirika na kwaya imekwisha kuimba nyimbo zake zote. Watu walicheka sana. Wakasema, ndoa hii itadumu.

Ilidumu. Mungu amsamehe mume wangu huko aliko. Mi bado niko njiani.

Mara ya kwanza mume wangu aliponipiga nilikwenda kwa Parene siku hiyohiyo, kama tulivyofundishwa. Alimwita na mume wangu. Sasa ngoja nikueleze namna alivyokuwa anafanya, maana alifanya vilevile kwa kila nyumba. Aliomba maji, akanywa nusu ya glasi, nusu akaimwaga nje ya mlango. Akauliza nani alianza. Akasikiliza pande zote mbili macho yamefungwa. Halafu akamwita Marene alete sahani moja, maharagwe na ndizi, na mume na mke wale pamoja mbele yake, mkono kwa mkono, mpaka sahani iishe. Sahani ikiisha, kesi imeisha. Alikuwa anasema neno la Kirundi ambalo kila mwanamke wa mji huu analijua tangu tumboni: niko zubakwa. Ndivyo nyumba zinavyojengwa.

Mi nilikula na mdomo uliovimba. Maharagwe yalikuwa na pilipili. Nilipopeleka sahani jikoni, Marene alikuwa ameloweka kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, akaniwekea shavuni, akakishikilia. Nakumbuka kilikuwa kipande cha kitenge cha bluu, na kilinuka nta ya gari.

Nilirudi kwa Parene tena, na tena, na sahani ilikuwa ileile. "Mvumilivu hula mbivu," alikuwa ananiongezea kwa Kiswahili, ili nisiseme sikuelewa. Nilivumilia. Mbivu zilioza mtini.

Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya, na hadithi iishe hapo. Ubaya wake ni kwamba hakuwa mbaya. Alilia kwenye kila harusi, machozi ya kweli, akijifuta kwa mkono wa shati. Alikumbuka siku ya ndoa ya kila mmoja wetu kuliko sisi wenyewe, na alikuja kutusalimia siku hiyo na mkate. Jirani yetu mmoja alipofukuzwa kazi akaona aibu kutoka nje, Parene alikwenda kukaa naye kibarazani kila jioni, hawazungumzi, wamekaa tu, mpaka yule bwana akaanza tena kuvaa viatu. Marene hakuwahi kukaliwa kibarazani namna ile. Sijui mtu anapatia wapi moyo wa kugawia watu wote na kwake ukaisha.

Na liko jambo la binti yangu, ambalo ndilo lililonifanya nishindwe kuichukia ile gari kwa raha. Uchungu wa kumzaa ulinikamata siku ya Ijumaa, mume wangu hayupo, mvua inapiga. Jirani mmoja alikimbia kumwambia Parene, bila matumaini, maana gari ilikuwa imekwisha kupanguswa kwa ajili ya kesho yake. Parene alitoka, akavua turubai, akanibeba na Marene mpaka ndani. Ijumaa! Avenyu nzima ilitoka kutazama. Kabla ya kunilaza, alitandika kiti kwa imvutano ya Marene, ile nzuri ya sikukuu, kiti kisichafuke. Aliendesha taratibu hadi hospitali akiimba wimbo wa kanisani. Na hakurudi nyuma hata mara moja, ingawa sikuwa bibi harusi tena.

Hospitalini nilimwambia Marene kwamba mume wake ana moyo wa dhahabu. Alikuwa anakunja ile imvutano yake iliyoharibika. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Mi na watoto wangu wote nilitembea." Alisema vile unavyosema leo maji ya bomba hayatoki.

Gari ilipokufa, Parene alikuwa amekwisha kustaafu na kuuza nyumba ya Musaga. Alinunua kiwanja kidogo Carama, kule kaskazini, ambapo gari isingeenea hata kwa kusukumwa. Akaniomba niiweke kwangu kwa wiki mbili, mpaka apate fundi wa Buyenzi. Sisi tuliooana kwa mkono wake tukaja kuisukuma mpaka uani, tunaimba. Mume wangu alikuwa mzima bado. Alisukuma na yeye. Tuliiingiza kwa mbele, bila shaka. Wiki mbili zimenizeesha. Mvua imekula sakafu yake, ukibonyeza kwa kidole unakwenda mpaka chini. Milango imeshikana kwa kutu. Majirani wapya wanaomwona kuku wangu akitoka dirishani wanadhani nimemjengea.

Sasa mwaka huu, baada ya Pasaka, binti yangu amerudi.

Amerudi na begi moja, na jicho ambalo nalijua. Sikumuuliza nani alianza. Nilimwekea maji ya moto na chumvi, nikatandika godoro sebuleni. Kila mgeni akipiga hodi, mutoto wa watu anakunja godoro, analificha nyuma ya kochi, anakaa na kutabasamu. Mtu mzima hawezi kuishi hivyo. Nikaamua kumjengea chumba chake, na mlango wake, na ufunguo wake. Matofali yakaja. Lakini kiwanja changu ni kama kiganja: huku choo, huku jiko, na hapo palipobaki, chumba kinapoweza kukaa, pamekaa gari.

Ingekuwa gari tu, ningeita wanunuzi wa vyuma chakavu na wangeimaliza asubuhi moja. Lakini wiki ileile sisi tuliooana kwa mkono wa Parene tulikuwa tumeunda komite. Sisi Warundi wa mjini, ukituacha watatu mahali, tunatoka na komite. Parene na Marene walikuwa wanakaribia jubile yao, miaka hamsini ya ndoa, na komite iliamua kumfufulia mzee gari yake ya kwanza. Itengenezwe, ipakwe rangi, ifungwe maua, iwapeleke kanisani. Kitambaa cha sare kilikwisha kuchaguliwa. Kwaya ilikwisha kuombwa. Kila kitu kilipangwa, ila hakuna aliyemuuliza Marene.

Prezida wa komite alikuja na fundi. Fundi aliizunguka gari, akapiga chuma kwa bisibisi, akasema Buyenzi hakuna kinachoshindikana, ataikata chini yote aishone upya, ila ikae hapahapa maana ikibebwa itavunjika mbili. Miezi, alisema. Nikauliza, na essence? Maana unajua hali ya mafuta mji huu. Gari nzima zenye afya zinalala kwenye foleni. Prezida akasema siku yenyewe tutaisukuma. Nikauliza, na binti yangu alale wapi miezi hiyo? Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachwea wapi.

"Kwa mume wake," akasema.

Nilimpa chai, akaenda. Lakini sikulala vizuri. Gari si yangu, na mali ya mtu huikati bila neno lake. Tena ile ndiyo gari iliyombeba binti yangu kabla hajaliona jua. Nikisema itengenezwe, namwambia binti yangu aendelee kukunja godoro, au arudi alikotoka. Nikisema ikatwe, nampiga mzee usoni mwaka wa jubile yake. Nikaona heri niende Carama, nimtazame machoni.

Nilimkuta nje, kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele kwenye sahani. Parene! Sikuwahi kumwona ameshika mchele ambao haujapikwa. Amekonda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, mgongoni makunyanzi. Akainua uso akafurahi kwelikweli.

"Gari iko muzima?"

"Iko vilevile, Parene."

Nikamuulizia Marene. Akasema ameenda kusalimia watoto Ruziba. Niliingia ndani kuweka ndizi nilizomletea. Masufuria hayakuwepo, imebaki moja ndogo. Kikombe kimoja, kijiko kimoja. Kule chumbani mlango ulikuwa wazi na upande wa nguo zake Marene kulikuwa na misumari mitupu. Kwenye msumari mmoja tu palining'inia kipande cha kitenge cha bluu, kimechakaa mpaka unaona mwanga. Alichukua vyake vyote akaacha kile cha kupangusia gari.

Nilitoka nikakaa chini kwenye jiwe. Nikamuuliza ameenda lini kusalimia. Parene akaendelea kuchambua mchele, akasema, tangu kabla ya mvua. Aliondoka kwa miguu, asubuhi, begi kichwani. Yeye mzee alimwona kutoka dirishani akadhani anaenda kwenye misa.

"Na komite inajua?"

"Apana. Waache." Akaweka sahani chini. "Gari ikipona, nitakwenda kumuchukua. Akiiona mbele ya mulango, atapanda."

Nilisikia kitu kinapanda kifuani ambacho nilikimeza na maharagwe miaka mingi iliyopita. Nikamwambia, kwa adabu, maana ni parene wangu mpaka tutakapokufa, kwamba Marene ameipanda gari ile Jumamosi zote za maisha yake kwenda harusi za watu wengine. Kuku wa jirani walikuja wakaanza kula mchele wake kwenye sahani, hakuwafukuza.

Baadaye akasema amesikia binti yangu amerudi. Nikasema yuko kwangu, na nataka kumjengea chumba, na chumba kinakaa pale ilipo gari. Niliyasema yote kwa pumzi moja. Nilimwona anajiweka sawa kwenye kiti, anafumba macho, kama zamani. Nikajua linakuja.

"Bibi harusi…" akaanza.

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lile, nilikuwa nalo jibu, nililitengeneza njia nzima kutoka Musaga. Alifumbua macho. Akautazama mlango wake, na ndani, hadi kule kwenye misumari. Neno halikuja. Mwanaume aliyekuwa na neno la kila nyumba, alikaa na mdomo wazi, halafu akaufunga.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani, polepole. Akaniambia, "Uniwekee kiti cha mbele." Ndilo alilosema kuhusu gari, na mi nililichukua kuwa ruhusa. Halafu akanishika mkono. "Ukimwona Marene, mwambie…" Nilisimama pale muda mrefu. Bajaji moja ilipita, watoto walipita na maji, na alikuwa bado ananishika mkono, anatafuta. Mwishowe akaniachia, akasema nisichelewe.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja wiki iliyofuata. Niliwaonyesha kiti cha kuondoa kwanza. Halafu wakafunga kamba, na kwa sababu iliingia kwa mbele na uani hakuna pa kugeuza, walikwenda nje ya geti wakaivuta kwa mkia. Binti yangu alisimama mlangoni na godoro lake, anatazama. Gari ya Parene ilitoka kwangu kinyumenyume, inalia, inaacha unga mwekundu wa kutu, mpaka barabarani. Hakuna mtu aliyeimba.

Prezida alinitoa kwenye grupu la simu. Aliandika kwamba nimemvunja mzee. Jubile haikufanyika, na wanaulizana sababu, na mi sisemi. Aliyeficha ndiye aseme. Chumba kimesimama. Kina dirisha dogo upande wa ziwa, na binti yangu anafunga kwa ufunguo hata akienda tu chooni. Parene hapigi simu tena. Nadhani hajui aanze na swali gani.

Jumapili moja nikasikia hodi. Marene, kwa miguu kutoka Ruziba, na sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu. Amenenepa kidogo. Hakuinamisha shingo alipopita getini. Aliingia kwenye chumba cha binti yangu, akagusa ukuta, akafungua dirisha akafunga, akasema ni chumba kizuri. Tukatoka kibarazani. Kile kiti cha mbele kipo hapo, nimekifuta, kina springi moja tu iliyotoka. Ndicho kiti kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Nikamkaribisha akae.

Alikitazama. Sikumpa neno la Parene, kwa sababu Parene hakunipa neno.

"Na hiki alikisahau?" akauliza.

"Apana, Mama. Alisema nimuwekee."

"Basi muwekee," akasema. "Mi nipe kigoda."

Nikaenda jikoni nikamletea kigoda, akakaa, akaanza kuchambua sombe na binti yangu.